Chupa ya Masereka

Kosa la Medius lilikuwa la kizembe, tena kosa la mtu wa kabila la Wakonzo hasa. Katika maabara ndogo ya Kasese, mwani wa kijani uliopandikizwa kinasaba cha soya ili utengeneze protini kwa wingi ulipaswa kupewa namba. Namba, jamani! Kwao watoto wa kiume huitwa kwa zamu ya kuzaliwa, basi akaandika chupa ya kwanza Nzanzu, ya pili Bwambale, ya tatu Masereka. Wenzake wakacheka, naye akacheka.

Alijifanya haoni kwamba hayo ndiyo majina ya wanawe. Nzanzu na Bwambale waliishi Bwera kwa bibi yao. Masereka alizikwa huko huko mwaka juzi, miguu imevimba kwa kukosa protini.

Mwani hufuata mwanga, na katika chupa mbili ulijaa upande wa dirishani kama kawaida. Ya tatu iliuacha mwanga ikajikusanya upande wa kiti cha Medius. Akihamisha kiti, nayo inahama. Ilinawiri kupita kiasi, huku zile mbili zikififia siku hadi siku.

Ijumaa Crispus, mkuu wa maabara, akaagiza chupa mbili za mwanzo zichemshwe na kutupwa, na ya tatu itunzwe kama mboni ya jicho, kwani ndiyo itakayolisha watoto. Hajamaliza kusema, simu ya Medius ikaita kutoka Bwera. Mama yake Medius alisema wajukuu wana siku tatu hawali, na miguu imeanza kuvimba.

Medius akazitazama zile chupa mbili zilizofifia, akaogopa. Kubandua majina hakukumjia akilini. Jina la zamu halivuliwi. Akaikumbatia chupa ya tatu, akaikuta na joto la mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, waachie kaka zako nao wale," akasema, akaimimina yote katika maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya zile mbili.

Crispus alimfukuza kazi papo hapo.

Jioni mama akapiga tena, sauti imechangamka, akasema kwa Kiswahili cha kwao.

"Batoto beko nakula, Medius. Nimepakua sahani tatu."

"Mama, batoto beko babili."

Mama akaanza kunong'ona.

"Nzanzu amesema ya tatu ni ya mudogo wake. Hakuna mutu amekaa pale. Lakini niko naangalia ile sahani, mwanangu. Chakula iko naisha."