Kamba Isiyonyumbuka

Wapanda milima walimwita Mama Fundo, na hakuna kamba iliyokwenda mwambani kabla haijapita mikononi mwake. Asubuhi hiyo shemeji yake, muuza vifaa vya ujenzi, aliingia kwenye ukumbi wa mazoezi kwa mbwembwe, kamba mpya iliyoviringishwa begani.

"Shemeji, achana na hizo zako. Hii ni chuma! Hainyumbuki hata kidogo."

"Ya kupandia?"

"Ya kupandia, sasa ya kuanikia nguo?"

Mama Fundo hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kuonyesha. Alikata ncha ya kamba hiyo na ya moja ya zake, akazichambua. Kwa nje zote zilisukwa vizuri, hazina uzi uliolegea. Ila kwa ndani, nyuzi za kamba yake zilisokotwa kama springi, na za shemeji zililala zimenyooka kama tambi kwenye pakiti.

Akapanda juu ya ukuta wa mazoezi, akazifunga zote mbili, kila moja na gunia lake la mchanga, kisha akayasukuma magunia kwa mpigo mmoja. La kwake lilishuka, kamba ikavutika, likabaki linabembea. La shemeji lilikwama ghafla kwa kishindo, likapasuka, mchanga ukammwagikia mwenyewe, aliyesimama chini, mpaka viatuni.

"Lakini haijakatika!" shemeji akajitutumua, akijipangusa. "Uongo?"

"Kweli tupu," Mama Fundo alisema, akishuka taratibu. Akamkabidhi ufagio. "Kamba ni nzima. Sasa mzoe mpandaji."