Usingizi Ulioachwa Getini

Eufrazia alihamia nyumba ya Bi Asia, mtaa wa Chamwino, mwanzoni mwa Kwaresma, akiwa na godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa na tarumbeta. Godoro na ndoo aliviingiza mchana kweupe. Tarumbeta aliliingiza limeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mwenye homa, kwa sababu nyumba mbili alizopanga kabla zilimtimua kwa ajili ya kelele zake, na ile ya pili haikumpa hata muda wa kuanua nguo.

Nyumba ya Bi Asia ilikuwa kama nyumba nyingi za kupanga. Korido katikati, vyumba vinatazamana, choo uani, usafi kwa zamu, na kuta zisizofika kwenye bati, kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma humpa pole. Mkabala na Eufrazia aliishi Nasibu, mtu wa makamo, mpole. Ubavuni mwa Eufrazia aliishi Prisca, binti wa rika lake. Wote wawili walifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha biskuti kule Kihonda. Eufrazia alipoambiwa hivyo na mama mwenye nyumba, alilirudisha tarumbeta ndani ya blanketi. Watu wa zamu ya usiku hulala mchana, na mchana ndio muda wake wa mazoezi.

Kuacha mazoezi hakuweza. Tarumbeta lilikuwa la mjomba wake Ernest, aliyelipiga miaka mingi katika bendi ya misheni huko Matombo. Alipofariki lilikuja kwa mpwa wake na si kwa watoto aliowazaa, kwa kuwa kwa Waluguru mali hufuata upande wa mama. Binamu zake walinung'unika kidogo, halafu wakarudi kwenye migomba yao. Hapa mjini, Stefano, kiongozi wa kundi la matarumbeta linalosindikiza maharusi juu ya kigari cha mizigo aina ya kirikuu, alikubali kumpokea kwa sharti moja. Kwaresma Wakatoliki hawaoani, kwa hiyo kundi hupumzika. Pasaka ikipita harusi zitaanza kwa fujo, na Eufrazia lazima awe anaujua wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao, mwanzo hadi mwisho. Akishindwa, arudi Matombo akapalilie ndizi kwa amani.

Wimbo wote aliujua isipokuwa nota moja ya juu, pale bibi harusi anapovuka mlango wa kwao. Kila akifika hapo, tarumbeta lilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa mguu.

Siku za mwanzo alifanya mazoezi bila kupuliza, akibonyeza vitufe na kuvimbisha mashavu peke yake godoroni. Mwishowe akapiga moyo konde. Akafunga dirisha, akashindilia kanga kwenye mdomo wa tarumbeta, akajitanda blanketi, akapuliza taratibu. Ile nota ya juu ikatoka na umbuzi wake wote, na kanga ikaruka mpaka ukutani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Nasibu, macho mekundu, shati limefungwa vifungo shaghalabaghala.

"Shikamoo, baba," alisema Eufrazia. "Nisamehe sana. Nitahama, ila usimwambie mama mwenye nyumba kwanza."

"Marahaba. Hiyo ya mwisho," alisema Nasibu, "hebu irudie."

Akairudia. Nasibu akasimama koridoni akitazama barabara kupitia mlango wa mbele. Haukupita muda, usingizi wake ukatokea kwenye kona ya duka. Ulikuwa mkubwa, wa rangi ya majivu, umejaa vumbi la Kihonda, unatembea polepole kama ng'ombe anayejua zizi lake. Ukapita koridoni ukinukia biskuti, ukaingia chumbani kwake bila kupiga hodi.

"Asante, binti," alisema Nasibu. Akaufuata, akafunga mlango, na muda si mrefu nyumba nzima ikamsikia anakoroma.

Prisca ndiye aliyemweleza Eufrazia mambo yalivyo, uani, wakichambua mchicha. Zamani watu walikuwa wanasinzia kwenye mashine, wengine wakaumia vidole. Uongozi wa kiwanda ukaona ni heri kila mfanyakazi aache usingizi wake getini, utunzwe stoo, auchukue akitoka. Lilikuwa wazo zuri na watu walilipigia makofi. Shida ni kwamba mtunza stoo huingia kazini asubuhi, wakati watu wa zamu ya usiku wameshaondoka, na jioni wakirudi yeye ameshafunga; mlinzi anaruhusiwa kupokea tu, si kutoa. Wa mchana huchukua usingizi wao kama kawaida. Wa usiku huambiwa wasubiri utaratibu. Nasibu alikuwa amesubiri utaratibu tangu mtoto wake wa mwisho anaanza darasa la kwanza, na mtoto huyo sasa alikuwa anaota ndevu.

"Na wewe?" aliuliza Eufrazia.

"Mimi nafumba macho tu, dada. Unazoea." Prisca alitupa bua la mchicha. "Kesho utaniitia na wangu? Kama haitakuwa usumbufu."

Kesho yake usingizi wa Prisca ulikuja nyuma ya ule wa Nasibu, mdogo, umekonda, ukijitahidi kwenda nao sambamba. Ilisemekana ulipopita stendi ya Msamvu, wasafiri wawili wa Dumila walisinzia kwenye benchi wakaachwa na basi. Stoo ilikuwa na kufuli kubwa lakini haikuwa na dari, kwa hiyo usingizi ulipanda ukuta ukatoka kwa juu. Siku zilizofuata ulikuja hata usingizi wa watu wasiojulikana pale mtaani, ukakaa uani kimya mpaka wenyewe walipoufuata. Bi Asia alitoa benchi na mkeka, akalalamikia kidogo viatu vya wageni, basi.

Jioni kila mmoja aliondoka na usingizi wake, akauacha tena getini, maana asipouacha mlinzi hafungui.

Eufrazia alifurahi mpaka akaona aibu. Hakuwahi kuishi mahali ambapo watu wanakaa kumsubiri apulize. Kanga aliirudisha kiunoni, dirisha akalifungua hadi mwisho, na milima ya Uluguru ikaonekana vizuri juu ya mabati ya jirani. Watu walimwachia maharage yaliyoungwa kwa nazi. Zamu yake ya kufagia korido ilifanywa na mtu mwingine kila mara na hakumjua ni nani. Alijiona amefika.

Tatizo lilikuwa kwamba anayefanya mazoezi kila siku hatimaye huweza. Ilitokea siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Alifika pale bibi harusi anapovuka mlango, akapuliza, na nota ikatoka safi, ndefu, imenyooka, haina mbuzi ndani yake. Eufrazia alitaka kujipigia vigelegele. Kisha akatazama barabarani. Palikuwa na bodaboda mmoja na kuku.

Akairudia. Ikatoka safi zaidi.

Nasibu alikuwa amekaa kibarazani, mikono magotini, anatazama kona ya duka. "Umepiga vizuri sana, binti," alisema. "Hongera." Aliisema kwa moyo wake wote, na kwa Eufrazia ingekuwa afadhali angemtukana.

Alijaribu kukosea kwa makusudi. Usingizi ulifika kwenye kona, ukasimama, ukasikiliza, ukarudi ulikotoka. Alijaribu kusahau. Alikaa siku nzima bila kuligusa tarumbeta, na alipolishika tena nota ikatoka kama maji ya mlimani. Mdomo ulishajifunza na haukutaka kujua habari za mtu mwingine. Prisca alianza tena kufumba macho. Hakuna aliyemlaumu Eufrazia, na usiku alilala vibaya yeye mwenye usingizi wake.

Ndipo akamwambia Nasibu waende kiwandani kuomba kistaarabu. Walikwenda mchana. Mlinzi aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawaruhusu hata kuchungulia dirisha la stoo. Usingizi wa watu ulipangwa kwenye shelfu, kila mmoja na jina lake. Nasibu alipoutambua wa kwake alipunga mkono, nao ukainua kichwa.

"Si huo hapo?" alisema Nasibu. "Mwambie mtunza stoo anipe. Nitaurudisha jioni."

"Yuko semina, mzee wangu."

"Atarudi lini?"

"Hakusema," alijibu mlinzi. Alikuwa mtu mwema na alitaka kuwafariji, akaongeza: "Uongozi umesikia kuna usingizi unaotoroka mchana. Wala hawajakasirika. Wanasema kwa kuwa jioni unarudishwa, kiwanda hakipati hasara."

Walirudi kwa miguu. Eufrazia alikuwa ameshaamua. Atamwambia Stefano atafute mpigaji mwingine, atakaa hapo hapo Chamwino, atauza ndizi, na tarumbeta atalipeleka kwa binamu zake, kwa sababu kulipiga vizuri mbele ya watu wasiolala aliona ni ukatili. Alilia kidogo walipofika Msamvu, na Nasibu akajifanya anatazama mabasi.

Walipokaribia nyumbani walimsikia mbuzi.

Alikuwa yule yule, amebanwa mguu ule ule, tena safari hii anaonewa kweli kweli. Walikaza mwendo. Kabla hawajafika mlangoni walipitwa na usingizi wa Nasibu, ambao ulikuwa unakimbia. Nyuma yake ukaja wa Prisca. Uani, Bi Asia alikuwa amesimama na ufagio mkono mmoja na tarumbeta mkono mwingine, uso umemshuka.

"Nimelisogeza nifagie, shetani akanituma nijaribu," alisema. "Nimeliharibu?"

"Hapana, mama," alisema Eufrazia. "Rudia hivyo hivyo."

Bi Asia akarudia. Katika maisha yake hakuwahi kupuliza chochote zaidi ya moto wa mkaa, na mbuzi alitoka bila shida yoyote. Eufrazia alikaa chini palepale kwenye mkeka akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu siku hiyo alipiga wimbo wake vizuri kadiri alivyotaka, na akimaliza humpa Bi Asia tarumbeta apulize mara moja.

Pasaka ilipita. Katika harusi ya kwanza, huko Bigwa, bibi harusi alivuka mlango wa kwao na nota ikamvusha, mama zake wakalia, na kirikuu kikaondoka kwa shangwe. Stefano alifungua begi akatoa shati jekundu la kundi, akamrushia Eufrazia. Alilivaa juu ya gauni na hakulivua mpaka jioni.

Masika yalipoisha Bi Asia alikuwa ameanza kuipata ile nota, na alijivuna nayo waziwazi. Zamu ikaenda kwa Prisca, aliyeipata upesi mno. Ikaenda kwa Nasibu. Kwa bahati nzuri Nasibu alikuwa na mdomo mzito, akawafikisha karibu na Krismasi, lakini siku moja naye ikamponyoka ikiwa safi, akaomba radhi koridoni kwa kila mtu.

Wakati huo chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Alikuja kijana mmoja nadhifu, akasema kwa fahari kwamba shuleni alikuwa kwenye bendi. Bi Asia alisikitika sana, akamwambia kimeshachukuliwa. Siku iliyofuata akaja msichana kutoka Dumila, aitwaye Winfrida, na begi lake kichwani.

"Umewahi kupiga tarumbeta?" aliuliza Bi Asia.

"Hapana, mama. Hata filimbi sijawahi."

Bi Asia alimpa ufunguo kabla hawajazungumzia kodi. Eufrazia akamwonyesha namna ya kushika na mahali pa kuweka midomo. Winfrida akavuta pumzi, akapuliza, mbuzi akatoka, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Usingizi wa Nasibu ulifika Winfrida akiwa bado anaulizwa kama amekula.

Winfrida mwenyewe alikuwa amepata kazi kiwanda cha biskuti, zamu ya usiku. Jumatatu jioni aliongozana na Nasibu na Prisca, akauacha usingizi wake getini kama alivyoelekezwa. Stoo ilikuwa imejaa, lakini mlinzi alimwambia asijali, akauchukua na kuupeleka kwenye stoo mpya, iliyojengwa kwa ajili ya usingizi unaosubiri utaratibu.