Ridhimu ya Baba

Alasiri ya Jumamosi, jua likiwa bado limeng'ang'ania bati la paa, Nakijwa anajilaza kwenye kochi la sebuleni na gita la marehemu baba yake likiwa kifuani, na kabla hajamaliza kujiambia kwamba atafumba macho kidogo tu, anahisi tundu la gita likipanuka chini ya kiganja chake, taratibu, kama mlango unaofunguliwa na mtu aliye ndani. Unaingia mkono, kisha bega, kisha yeye mzima, na nyuma yake tundu linajifunga bila kishindo, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Hofu anayoingia nayo ni ileile aliyolala nayo. Jumamosi ijayo ukoo unakutana kuweka msalaba kaburini, na yeye alimwahidi baba yake, akiwa amemshika mkono pale hospitalini, kwamba siku hiyo atampigia wimbo wake kwa gita hilohilo, tangu mwanzo hadi mwisho, ili aende akapumzike. Miezi mitatu amejifunza. Baba, aliyepiga katika bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kwa miaka ishirini na miwili, aliacha alama nne za rangi nyeupe ya kucha kwenye shingo ya gita, na Nakijwa amezifuata moja baada ya nyingine mpaka ncha za vidole vyake zimeota sugu. Mwanzo wa wimbo anaujua. Katikati anapajua. Mwisho haupo. Kila akifika kwenye alama ya nne, vidole vinarudi vyenyewe kwenye ya kwanza, na wimbo unazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Sasa yuko barabarani, na barabara imenyooka katikati ya mistari ya mkonge isiyo na ukomo, na kila baada ya hatua kadhaa umelazwa upau wa chuma anaolazimika kuuvuka, na kila anapovuka mmoja anasikia chini ya nyayo zake sauti ikipanda kidogo, kidogo tu, kana kwamba ardhi yote imekazwa. Anafika kwenye mji. Maduka ya kulia yanafanana na ya kushoto, ila maandishi ya kushoto yamegeuzwa. Mama anayekaanga vitumbua upande huu anageuza kwa mkono wa kulia, na wa upande ule, aliye yeye yule, anageuza kwa mkono wa kushoto, na wote wawili wanainua macho kwa wakati mmoja kumtazama mgeni. Katikati ya njia amesimama mwanamume aliyevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, vyeusi kwa vyeupe, vilivyopigwa kiwi vizuri. Mahali pa uso wake ni laini kama yai lililomenywa. Shikamoo, anasema Nakijwa, kwa kuwa adabu haingoji uso. Marahaba, Mpare, anajibu yule, na sauti inatoka kifuani. Umekuja na gita, umekuja na vidole. Mwisho umeuacha wapi? Ndio ninaoutafuta, anasema Nakijwa. Nyinyi Wapare, anasema yule, hata mwisho wa wimbo mnauwekea akiba. Nakijwa hacheki, anauliza njia ya kutokea ni ipi. Anayetoka hapa ni yule ambaye wimbo wake umekwisha, anasema mtu asiye na uso, na akianza kutangulia anaongeza bila kugeuka: nikuulize na mimi, ni nani anayeitika maisha yake yote asiite hata siku moja? Nakijwa anafikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea kufikiri, akijaribu jibu hili na lile, na majibu yote yanaanguka njiani.

Anampeleka kwenye ukumbi wa dansi. Viti vimepangwa kuzunguka kuta, vitupu, na katikati watu wanacheza, wazee kwa vijana, macho yamewaingia ndani, miguu imevimba ndani ya viatu. Mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge anamsogelea akiwa bado anacheza. Binti wa Elinami, anasema, tulianza siku ya mazishi. Viti tunaviona. Lakini wimbo ukiwa hewani mtu anakaaje? Tukatie wimbo, mama, tupumzike. Nakijwa anainama juu ya gita na kupiga, alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na watu wanacheza, na alama ya kwanza, na watu wanacheza. Anaona aibu. Anatoka mlango wa nyuma ili akimbie, na mlango wa nyuma unamtoa kwenye barabara ileile, mkonge uleule, upau baada ya upau, mpaka mji wa pili ambao ni wa kwanza uliopinduliwa, ukumbi ukiwa kushoto badala ya kulia, na mwanamke wa kitenge ni yuleyule, amechoka zaidi. Tukatie. Mji wa tatu, tukatie. Katika mji wa nne mwanamke anatazama tu viti, na Nakijwa anapotoka humo anajua kabla ya kutazama kwamba maduka yatakuwa yamerudi mahali pake pa kwanza, kwamba mama wa vitumbua atainua macho, kwamba miji ni minne kwa sababu alama ni nne na hakuna wa tano.

Mara hii, akiingia ukumbini, anaona jukwaa, na jukwaani mtu amewapa wote mgongo, shati limelowa jasho, mkono wa kulia unakwenda na kurudi bila kukosea. Mgongo huo anaufahamu. Baba, anaita. Usinigeuze, anasema baba. Mpiga ridhimu hageuki, anatazama mkono wa mtu mmoja tu. Baba, mwisho wa wimbo uko wapi? Umeniachia alama nne, nimezifuata zote, ninazunguka tu. Alama ni zangu, anasema baba, na mkono hautulii anapoongea; mwisho si wangu. Miaka ishirini na miwili, Nakijwa, sikuwahi kumaliza wimbo hata mmoja. Mimi naitika. Anayeita ni mpiga solo, na yeye ndiye akinyanyua shingo ya gita lake sote tunakata, besi, ngoma, tarumbeta, wote kwa pamoja. Asiponyanyua, napiga. Yuko wapi basi, anauliza Nakijwa. Baba anajibu bila kuacha kupiga, na sauti yake haina hasira. Si alikuja nyumbani ukamtoa?

Ndipo Nakijwa anapolikumbuka lile ambalo kwa miezi mitatu amelihesabu kuwa ni jambo alilolifanya sawasawa. Siku ya mazishi aliingia uani Mzee Shekiondo, Msambaa, mtani wa baba, amevaa nguo za zamani za bendi na kuchomeka mto ndani ya shati kuigiza kitambi cha marehemu. Alijilaza kwenye mkeka wa wafiwa, akakoroma, kisha akaliendea jeneza na kuligonga kwa vidole: Elinami, amka, umechelewa mazoezi, sisi Wasambaa tutakungoja mpaka lini? Wazee walicheka machozi yakiwatoka. Nakijwa, aliyelelewa Mwanza kwa mama yake na asiyewahi kumwona mtani akifanya kazi yake msibani, alisimama akamwonyesha lango. Baba mdogo alimnong'oneza kwamba huyo ana haki, kwamba bila yeye msiba haujakamilika, lakini Nakijwa hakusikiliza. Na mzee alitoka, mto ukiwa bado tumboni, na Nakijwa hakumtazama ila miguuni, viatu vyeusi kwa vyeupe vilivyopigwa kiwi vizuri.

Anageuka. Mtu asiye na uso amesimama mlangoni mwa ukumbi. Ni wewe, mzee wangu, anasema Nakijwa. Ni mimi. Mbona huna uso? Hukuutazama, anasema yule, ningeutoa wapi? Nakijwa anapiga magoti mbele ya wachezaji wote. Nisamehe. Chukua gita, uwakatie watu hawa, umkatie baba. Ulinikosea juani, ukiwa macho, anasema mzee, na huku mimi ni mfungwa wako kama hawa. Mkono wangu wa huku haunyanyui kitu. Njoo nyumbani kwangu. Njia ipi? Anacheka kwa mara ya kwanza. Ileile uliyonionyesha kwa kidole.

Anaamka kochini, jua likiwa palepale batini, mstari wa nyuzi umejichora shavuni. Hanawi uso. Anabeba gita hadi ng'ambo ya reli, na Mzee Shekiondo yuko barazani kwake, kandambili miguuni, anamenya mihogo. Hodi, anasema Nakijwa. Karibu, Mpare. Miezi mitatu kuvuka reli. Ulikuwa unangoja nauli ishuke? Nakijwa anaanza kuomba radhi, maneno aliyoyapanga njiani yakitoka kwa mpangilio, na mzee anainua kisu kumzuia. Mtani haombwi radhi, anasema, ni matusi hayo; kaa. Anaingia ndani, anatoka na gita lililochubuka rangi, na bila kuhesabu anaanza. Anaita. Vidole vya Nakijwa vinakwenda kwenye alama ya kwanza, na kumbe ilikuwa jibu. Ya pili ni jibu, ya tatu ni jibu, kila moja ilikuwa ikingoja swali lake, na wimbo ambao kwa miezi mitatu ulikuwa kamba shingoni unafunguka, unakuwa mazungumzo ya watu wawili waliojuana sana, na anasikia katika mkono wake mwenyewe jinsi baba alivyopenda kutochelewa. Majirani wanasogea kwenye uzio. Mzee anauzungusha wimbo mara ya tatu, anamtazama, ananyanyua shingo ya gita lake.

Nakijwa anaiona. Anajua maana yake. Anajua kwamba hapo, baada ya pigo moja, baba ataliweka gita chini, atashuka jukwaani, na hatakuwa mahali popote tena, hata kwa mgongo. Anajaribu kukumbuka alipovuka reli, kama palikuwa na treni, kama mawe yalikuwa ya moto, na hakumbuki kuvuka, kana kwamba hajaamka bado kochini. Kata, mwanangu, anasema mzee kwa upole, na kunyanyua tena, juu zaidi. Jua liko nyuma yake, na Nakijwa hawezi kusema kama anauona uso wake. Mkono wa mzee uko juu. Mkono wa Nakijwa unarudi kwenye alama ya kwanza.