Mchi wa Namono

Namono alifika mahakamani Mbale nguo zake zikinuka karanga. Alfajiri alikuwa ametwanga kwa mchi wa kuazima, maana wake ulishikiliwa na serikali kama kielelezo cha ushahidi, tangu majirani watano walipouchukua barazani kwake, mtaa wa Malukhu, wakampiga nao mwanawe Shafik mpaka akafa. Walisema ameiba pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikutwa Jinja, pale pale mwenye nayo alipoiegesha akaisahau kwa ulevi.

Kazi ya mwendesha mashtaka ilikuwa kuonyesha kwamba watano hao walikuwa na nia moja, hata kama pigo lililoua lilikuwa la mmoja. Kazi hiyo ilimtoa jasho.

"Mimi nilipiga moja tu, bwana jaji, tena ya mguu," alisema Magid, muuza nyama.

"Mimi nilimshika tu asianguke, mheshimiwa," alisema Wasike, dereva wa lori kutoka Kenya.

Watatu waliobaki walikuwa wamekuja kutazama. Inaelekea walitazama kwa mikono.

Basi mwendesha mashtaka akaomba mchi uletwe, washtakiwa waonyeshe walivyoushika. Magid akaushika pale mti ulipolika kwa viganja vya Namono. Wasike alipokaribia, mchi ukarefuka, ukampa nafasi. Ukarefuka kwa wa tatu, wa nne na wa tano, na kila mmoja alipoweka mkono, mti ulikuwa umeshalika kwa kipimo cha kiganja chake. Karani akafungua dirisha ili ncha ipate pa kutokea.

Namono akashusha pumzi. Alidhani kesi imekwisha.

Wakili wa utetezi alisimama, akatoa tepu ya kupimia. "Polisi waliandika mchi wa futi nne," alisema. "Huu ni wa futi kumi na moja. Hiki si kielelezo kilichokamatwa."

"Ni ile ile, bwana jaji!" Namono alipaza sauti. "Mimi nitakosa kujua mchi yangu?"

"Mama, kaa chini," askari alimwambia.

Jaji alipima mwenyewe, akakubaliana na wakili. Kielelezo kikakataliwa. Bila hicho, nia moja ikabaki maneno matupu, na kabla ya adhuhuri watano wale wakaachiwa huru.

Namono alirudishiwa mchi, kwa kuwa ni mali yake. Aliukokota mpaka langoni, ukamshinda. Waendesha boda boda waliutazama, wakakataa. Watano wale walikuwa bado wamesimama pale wakipongezana, na ujirani ni ujirani.

"Lete tukusaidie, mama," alisema Magid.

Wakajipanga. Hakuna aliyeuliza ashike wapi. Wakaunyanyua mabegani kama walivyonyanyua jeneza la Shafik, maana hata hilo walilibeba wao, wakashika njia ya Malukhu kwa hatua moja. Siku ya jeneza Namono alibaki nyumbani na wanawake wenzake. Leo aliwafuata nyuma, kwa sababu mchi ni wake, na kesho ana karanga za kutwanga.