Utando Mbichi

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu mchana mmoja wa mwaka juzi, hata viatu hajavua, maneno yakisukumana mdomoni kutoka.

Anatengeneza betri, kwenye maabara. Kazi yake ni utando wa plastiki iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu. Humo ndimo zinamopita ayoni, yaani vichembe vya lithiamu vyenye umeme, kutoka upande mmoja wa betri kwenda wa pili. Za kwake zilijikokota kama bibi harusi. Bosi wao, waliyempachika jina la Mzee Kavu, alikwisha mwambia kwamba wiki ikiisha bila cha maana, utando ule unazikwa, naye atahamia kuosha chupa za wenzake.

Mzee Kavu sheria yake ni moja: utando ukauke kabisa, maana maji na lithiamu ni paka na panya. Wenye unyevu huukata kwa mkasi mbele ya watu.

Asubuhi moja umeme ulikatika, tanuri la kukaushia likapoa mapema. Mjukuu wangu, kwa papara aliyozaliwa nayo, umeme uliporudi akaupima utando hivyo hivyo, haujakauka. Ayoni zikakimbia. Akarudia, zikakimbia. Moyo nao ukazifuata. Akaukausha barabara: zikalala. Akaufungia chupani pamoja na pamba yenye maji: zikaamka.

Angeweza kuonyesha majibu na kunyamazia unyevu. Alikwenda akasema yote.

Mzee Kavu mkasi tayari mkononi. "Mwanangu, umeniletea nguo mbichi?"

"Ndiyo, mzee. Pima kwanza, ndipo ukate."

"Na maji yakiila lithiamu?"

"Ni machache, na chumvi imeyakumbatia. Hayapati nafasi ya kuzurura. Yanazilainishia ayoni njia tu."

Wenzake wakaguna. Mzee akapima mwenyewe, kisha akaunda betri, akaiacha ikijaa na kuisha mpaka kulipokucha, mjukuu wangu ameketi pembeni yake kama anauguza mtoto. Asubuhi betri ilikuwa hai.

"Huu hauzikwi," mzee akasema. "Tengeneza mwingine, mbichi hivi hivi."

Nilimuuliza kama sasa watambadilisha Mzee Kavu jina. Akacheka mpaka machozi, akajitupa kwenye kochi, akaweka vidole gotini kwangu kunionyesha safari yenyewe. "Ona, bibi. Ayoni inashika maji hapa, inaachia, inashika pale..."

Kichwa chake kikaniangukia begani. Vidole vikaendelea kutembea kidogo, kimoja kikipita kingine, halafu vikatulia.