Shamba Lisiloguswa na Plau

Jumanne tulimzika mume wangu Verlyn. Alhamisi majirani walikuja na kombaini tano, wakatuvunia mahindi yote kabla ya adhuhuri, kama tufanyavyo hapa Iowa mwenzetu akifa msimu wa mavuno. Mimi nilioka keki. Sikulia.

Kwa miaka ishirini na miwili Verlyn hakupitisha plau kwenye shamba lile. Mabua aliyaacha yaoze juu ya udongo, akapanda katikati yake. Majirani walimcheka: "Verlyn, shamba lako kama chumba cha kapera!" Naye alikuwa akiwajibu kwamba udongo una wenyewe, na plau inawabomolea nyumba. Kisha alikuwa akichimbua nyungunyungu na kuwaonyesha.

Jioni Duane wa ng'ambo ya barabara alibisha hodi, kofia mkononi.

"Shemeji, tumekumalizia na kulima. Plau sita! Hakuna bua hata moja."

Nikachungulia dirishani. Shamba zima lilikuwa limepinduliwa, jeusi tii, na ndege weupe walikuwa wakidonoa nyungunyungu.

"Verlyn angefurahi, au sio?"

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nikamkatia keki, kipande kikubwa.

"Asanteni," nikasema.