Nafasi ya Mbele

Mama alikuwa amelala chali, kishikwambi kimeegemea mto juu ya tumbo, alipomwona binti yake akitokea nyuma ya jabali. Nje muuza gesi alikuwa akigonga mtungi kuita wateja. Chai ilikuwa kwenye chupa, vidonge kwenye kisosi, beseni limesuuzwa na kufunikwa gazeti. Binti mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi kwenda karakana ya miwani, ambako kazi yake ilikuwa kusaga vioo mpaka vilingane na macho ya watu.

Kwenye mchezo wa kishikwambi alikuwa dubwana la mawe. Lilikuwa na miguu minne mifupi, mgongo mpana kama kaunta ya duka, na kovu kidevuni palepale lilipo kovu lake. Miwani ilikuwa imepandishwa kwenye paji la uso, kama anavyofanya akichoka. Juu ya kichwa paliandikwa jina lake la nyumbani: Nguzo.

Mama hakushtuka. Alishawahi kumwona akitokea mara moja, wodi ya wazazi, na mara ile kulikuwa na kelele zaidi. Akamrushia wavu. Dubwana likaingia lenyewe, bila kuvutwa.

Jioni Nguzo alirudi, akasimama mlangoni akivua viatu.

"Shikamoo, Mama. Umenikamata leo?"

"Marahaba. Wakati ule nakunywa chai. Uliumia?"

"Hapana. Nilihisi tu kamba begani. Umekula?"

"Nimekula."

Nguzo akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

Mama alikuwa opereta wa simu maisha yake yote ya kazi, mpaka simu zikajifunza kujiunganisha zenyewe. Alivunjika nyonga alipopanda stuli kushusha pazia. Madaktari walimtia vyuma, wakamwambia kulala atalala vizuri, kukaa atakaa, ila kutembea asikutegemee. Kishikwambi aliletewa na kifungua mimba wake, ambaye ni meneja wa ghala la vipuri na nyumbani wanamwita Meneja tangu akiwa na miaka saba. "Usiwe mpweke, Mama," alisema, akaondoka bila kuketi, kwa kuwa gari lilikuwa linanguruma nje. Mchezo wa madubwana ulikuwamo ndani. Unatembea bondeni, unakamata madubwana, unaunda timu ya wanne, mnapigana na walinzi wa milango. Mama alianza kwa kupitisha muda. Kisha mlango wa kwanza ulipofunguka, akahisi kidole gumba cha mguu mbovu kikikunjuka chenyewe chini ya shuka.

Alimweleza daktari. Daktari akamkwaruza unyayo, akaona kweli. "Endelea, bibi," alisema akiandika. "Ila usicheze kabla ya kula."

Watoto wengine waliingia wavuni mmoja mmoja. Meneja alipatikana kwenye nyasi kavu, fahali wa moto, akipiga pigo moja kubwa kisha akihitaji kupumzika. Alipiga simu mchana uleule.

"Mama, umenichukua? Nilikuwa kwenye kikao, nikasikia kitu kama mkanda kifuani."

"Nimekuweka wa pili."

"Wa pili si mbaya," alisema Meneja, akarudi kikaoni.

Mtoto wa tatu, binti mtangazaji wa redio, alikuwa ndege wa maji mwenye sauti ya kuponya majeraha, alimradi awe mbali na vita. Kitinda mimba, ambaye ameshaanza biashara nyingi na zote bado anaziita mpya, alikuwa sungura wa upepo. Kumkamata kulimchosha Mama kuliko wote, na hata wavuni aliendelea kuruka.

Mama aliipanga timu kama alivyoona inafaa, wala hakufikiria mara mbili. Nguzo mbele, apokee mapigo. Fahali nyuma yake, apige. Ndege juu, aimbe. Sungura pembeni, afanye atakavyo. Walishinda. Milango ikafunguka, na mguu wa Mama ukaendelea kurudi kwake kipande kwa kipande: kifundo, shavu la mguu, goti. Siku moja alisimama kwa kushika kabati, akajiona kwenye kioo mwili mzima, akasema, "Kumbe nimepungua hivi."

Nguzo alikuwa akirudi na alama. Mara wekundu mkononi, mara uvimbe juu ya nyusi. Ilipofika milango ya barafu, ufa mwembamba ulitokea begani, kama ule wa kikombe kilichotiwa maji ya moto ghafla. Haukutoka damu. Alipoinama kumwinua Mama, ulilia kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Umepigwa wapi?"

"Bondeni, Mama. Lile lenye pembe."

"Pole, mwanangu. Uliniona nilivyolimaliza?"

"Niliona. Inua mkono huu."

Katika mchezo kulikuwa na mzee wa kambi, kazi yake kutoa ushauri ambao watu hawausomi. Mchana mmoja Mama, akisubiri majeraha yapone, alimsoma. Mzee alikuwa amesema: *Timu yako haina uwiano. Mapigo yote yanamwangukia mmoja.* Mama akamjibu kwa sauti, chumbani, "Mbona hajawahi kuanguka?" Mzee akarudia maneno yaleyale. Alikuwa ameandikiwa sentensi chache tu.

Lakini neno likishaingia sikioni halina pa kutokea. Mama alilala nalo. Alikumbuka siku waliyoletewa habari ya kifo cha baba yao, watoto wote wanne wamesimama sebuleni. Watatu walilia. Meneja alijitupa sakafuni, mwenye sauti akapiga kelele mpaka majirani wakaja, mdogo akajificha chini ya meza. Nguzo alikwenda jikoni kuzima jiko, maana chakula kilikuwa kinaungua. Mama alimtazama akizima lile jiko, na tangu hapo, kila kilichokuwa na uzito alimpa yeye. Alimtoa chuo cha uuguzi mwaka uleule. Wengine aliwaacha wasome, kwa kuwa walikuwa wanahuzunika.

Jumamosi, Nguzo akimsuka nywele, alimuuliza.

"Hivi wewe, yale mapigo, huwa yanauma?"

Nguzo aligawanya nywele kwa kitana. "Yanauma, Mama."

"Mbona husemi?"

"Nikisema, nani atachukua?"

Mama alivuta kishikwambi, akamweka Nguzo benchi, kwenye kibanda cha kambi chenye paa la majani.

Jumatatu ufa wa begani ulikuwa umeanza kufunga. Katikati ya juma Nguzo alichelewa kurudi, nywele zimelowa, ananuka dawa ya bwawa. Alikuwa amejiandikisha kujifunza kuogelea. Mwalimu wa bwawa alimwambia hajawahi kuona mtu mzima anayeelea upesi hivyo. Alipomwachia tu mgongo, Nguzo alibaki juu ya maji kama jani. Alimsimulia Mama huku akimlisha, na mara mbili alicheka kijiko kikiwa hewani. Mama alikuwa hajui kwamba binti yake anachekea puani.

Upande wa timu, mambo hayakwenda. Meneja aliwekwa mbele, mlinzi wa mlango akampiga pigo moja. Ghalani wafanyakazi walimwona meneja wao akiruka na kiti chake mpaka kwenye rafu ya mikanda ya injini. Walimsaidia kuinuka, wakaokota mikanda. Jioni alipiga simu.

"Mama, mimi ni mtu wa presha. Unajua hilo."

"Pigo moja tu, mwanangu."

"Wewe uliliona lile pigo?"

Mama akamweka mbele mtangazaji. Yeye alipigwa katikati ya taarifa ya habari, na wasikilizaji wakasikia pumzi, kisha muziki wa ala. Alipoteza sauti siku kadhaa. Alimwandikia Mama ujumbe: *Kila mtu na karama yake, Mama. Mimi yangu ni koo.* Kitinda mimba, alipowekwa mbele, hakupigwa hata mara moja. Kila pigo lilipokuja alikuwa ameshahama, likapita likamfikia aliyeshika kishikwambi. Nyonga ya Mama iliwaka. Goti likalala, kifundo kikalala. Alijaribu kushika kabati, akashindwa hata kukaa.

Jumapili wote walikuja, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu hospitali. Walileta matunda mengi kuliko kabati lilivyoweza kupokea. Meneja aliketi safari hii, na mto mgongoni. Mtangazaji alikuwa amefunga kitambaa shingoni. Kitinda mimba alisimama karibu na mlango.

"Hatukuja kulaumu," alisema Meneja. "Tumekuja kama familia. Mama alikuwa anasimama, sasa hasimami. Tunarudi nyuma."

"Dada ana moyo," alisema mtangazaji kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi husema hata redioni, pasipo watu kama dada, nyumba nyingi zingekuwa magofu."

"Dada ni jembe," alisema kitinda mimba.

"Tena si kwamba hatumpendi," Meneja akaendelea. "Tunampenda. Lakini fahali umfanye ngao, Mama, si utapoteza fahali na ngao? Kila mtu akae anapofaa. Huo ndio uwiano."

Walikuwa wanasema kweli. Walimpenda, machozi ya mtangazaji yalikuwa machozi hasa. Nguzo alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni, taulo ya bwawa begani, pale ulipokuwa ule ufa.

"Nawe unasemaje?" Mama akamuuliza.

Swali hilo hakuwahi kuulizwa katika chumba kile. Ndugu zake walisubiri kwa heshima.

"Sijui, Mama," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimeanza kuelea."

Meneja akauliza, "Kuelewa nini?"

"Kuelea."

Kitinda mimba alitazama funguo zake. Mama aliwatazama mmoja mmoja, watoto aliowazaa na kuwakamata mwenyewe, akaona kwamba hakuna aliyekuwa mbaya, na kwamba hakuna atakayejitolea. Alilijua lililo haki. Lakini nyonga ilikuwa inamuuma toka alfajiri, maumivu ya kukufanya uhesabu pumzi, na alikuwa amejiona mara moja kwenye kioo, amesimama.

Kidole chake kilitetemeka juu ya kishikwambi. Nguzo alitoka penye mlango wa jikoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono mpaka ukatulia. Kisha akauachia. Mama akamtoa kibandani, akamrudisha mbele.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema Meneja, akapumua. Mtangazaji alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu. Walikula matunda, wakaondoka kabla ya foleni za barabarani.

Walipokuwa wamebaki wawili, Nguzo alitundika taulo kwenye msumari.

"Mama, ninaomba kitu kimoja. Ukitaka kuanza pambano, niambie kwanza. Nikijua linakuja, najikaza. Yale ya ghafla ndiyo yanayopasua."

"Nitakwambia," alisema Mama. "Nisamehe."

"Si neno. Sogea kidogo, nitandike shuka."

Mama alitimiza. Amekuwa akitimiza tangu siku hiyo, na sasa anatembea na mkongojo mpaka uani, na daktari amemwonyesha kwa madaktari wenzake. Kila akifika kwenye mlango mpya, kabla hajagusa kitu, anapiga simu karakana ya miwani. Anayepokea hamwulizi shida yake, anaita tu, "Nguzo, mama yako."

Nguzo anaweka kioo chini, anazima mashine, anafuta vumbi mikononi. Anashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, simu kwa mkono mwingine. Wenzake wanasogeza vitu vinavyovunjika.

"Mwanangu, naanza."

"Haya, Mama," anasema. "Anza."